Tulivyomaliza Chakula cha Wenyeji Wetu

Mimi nililelewa kumaliza sahani. Kwetu Bungoma, mama alituacha tule kwa raha zetu, kisha akapita akikagua sahani moja moja kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Ukibakisha hata tonge moja la ugali, anakuuliza, "Kwani nimekukosea nini?" Kubakisha nyumbani lilikuwa kosa, lakini kubakisha ugenini ilikuwa fedheha. Mgeni anayebakisha chakula amemwambia mwenye nyumba mbele ya watoto wake kwamba hajui kupika. Nimefika Johannesburg na digrii mbili, nimefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya bima huko Midrand, na sheria hiyo bado ninayo. Hata vile vikeki vya mikutano ya ofisini, ambavyo wenzangu huvidonoa na kuviacha, mimi huvimaliza, na sioni haya.

Mdogo wangu wa kike alikuja kukaa nami mwaka wa 2015. Nimemzidi miaka kumi na mitatu. Mama alifariki yeye akiwa darasa la sita, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomesha, niliyemsuka nywele, niliyemchapa na niliyemfuta machozi baada ya kumchapa. Alipopata kazi katika ofisi za ghala moja la mizigo, hapo hapo Midrand, nilipumua. Nikasema sasa tumefika, tutakaa hapa sisi wawili, tutazeeka tukigombania rimoti.

Miaka miwili haikuisha, akaniambia kuna kijana kazini. Nikamuuliza ni wa wapi, nikitegemea kusikia Limpopo au Lusaka. Akasema Samoa. Nikamwambia anionyeshe. Akafungua ramani kwenye simu, akaivuta, akaivuta tena, bahari tupu, mpaka vikatokea vidoa viwili ambavyo nilidhani ni uchafu wa kioo. Nikavifuta kwa kidole. Havikutoka.

"Kutoka hapa mpaka huko ni ndege ngapi?" nikamuuliza.

"Tatu," akasema. "Zikipatana."

Sitaficha, niliogopa. Kijana mwenyewe hakuwa na neno, mpole, mrefu kama mlango, na alinisalimu kwa mikono miwili. Nilichoogopa ni zile ndege tatu. Niliona kabisa jinsi nitakavyobaki peke yangu, nikimwona mtoto niliyemlea kwenye kioo cha simu, kwake kumepambazuka na kwangu jua linazama, tukiulizana hali ya hewa. Lakini alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtu wa umri huo humkatazi, unamtafutia sababu. Nikaamua kwenda kwa watu wake nikiwa macho, nitafute kasoro. Kasoro haikosekani kwa mtu yeyote, ni bidii yako tu ya kutafuta.

Kijana huyo alikaa kwa dada yake mkubwa, hapo hapo Midrand. Mume wa dada aliletwa nchini kufundisha raga katika shule moja, na walikuwa na watoto wanne. Mwaka huo mama yao, mjane, alikuwa amekuja kutoka Samoa kumlea yule wa mwisho, aliyekuwa mchanga, na angerudi kwao mwisho wa Oktoba. Neno lilikuwa lake. Bila yeye kukubali, hakuna harusi. Akatuma ujumbe kwamba angependa kuwaona watu wa msichana Jumapili, baada ya ibada, kwa chakula cha mchana.

Shida ni kwamba msichana hakuwa na watu, alikuwa na mimi. Lakini Johannesburg ukikosa ndugu unawaunda. Katika ushirika wetu wa Wakenya kulikuwa na mzee mmoja kutoka Kakamega, mhadhiri wa chuo kikuu, mtu wa kitambi na hotuba. Huyo tukamfanya baba mkubwa. Na kule Rosettenville kulikuwa na mama wa Lubumbashi mwenye saluni, aliyetusuka sisi wawili tangu tufahamiane na jiji. Huyo tukamfanya shangazi. Ili kuja nasi aliikosa ibada yake ya katikati ya jiji, ya kwenye lile jengo la zamani ambalo ghorofa ya chini huuza mablanketi kwa jumla, na alitukumbusha jambo hilo mara nne kabla hatujafika barabara kuu.

Mdogo wangu ndiye aliyeendesha gari, na kila roboti ilipotusimamisha kwa taa nyekundu alitupa somo. Roboti ya kwanza: ukiingia, usimsemeshe mtu aliyekaa huku wewe umesimama, keti kwanza, ndipo useme. Roboti ya pili: tutakaa chini mkekani, tukunje miguu, tusimnyooshee mtu nyayo. Roboti ya tatu: ukipita mbele ya watu waliokaa, inama na useme "tulou", ndiyo kuomba radhi.

"Magoti yangu yalistaafu kabla yangu," mzee akasema.

"Watakupa shuka ya kufunika miguu, mzee. Ukifunika unaweza kunyoosha kidogo."

"Na mimi na hii jupe?" shangazi akauliza, akiivuta sketi yake ya kubana. "Nitakaa namna gani?"

"Utapewa shuka pia, shangazi."

Mambo ya chakula hakuyagusa. Nadhani hata roboti zilikuwa zimekwisha.

Tuliingia, tukainama, tukaomba radhi hata pale pasipokuwa na mtu. Viti vyote vilikuwa vimesogezwa ukutani na sebule nzima imetandikwa mikeka myembamba iliyosukwa kwa majani. Mama mwenyewe alikuwa amekaa chini mwisho wa chumba, mnene, mtulivu, kitana chekundu kimechomekwa kwenye shungi la mvi. Alitukaribisha kwa hotuba ndefu kwa lugha yao, na mwanawe akatufasiria kwa Kiingereza. Mzee wetu akajibu kwa hotuba ndefu zaidi, akapita Mlima Elgon, akapita Ziwa Victoria, akarudi. Nikaona mama yule anamtazama kwa heshima. Moyoni nikasema haya, moja kwa moja, tumetoka sare.

Kisha chakula kikaja. Kijana na wapwa zake wakubwa walikileta kwenye masinia, wameinama, wakakiweka mbele yetu watatu. Nduma zilikuwepo, zile zile za kwetu, ambazo hapa akina mama wa KwaZulu-Natal huziuza mjini na kuziita amadumbe. Kulikuwa na majani ya nduma yaliyopikwa katika tui zito, nyama ya chumvi, nguruwe wa ngozi kavu, kuku, tambi, na bakuli la samaki mbichi katika ndimu na tui.

"Huyu samaki hajaiva," mzee akaninong'oneza.

"Kula," nikamnong'oneza. "Ukoo wako unakutazama."

Tukasubiri wenyeji waanze. Hawakuanza. Mama alikaa akitutazama kwa upole, na binti mmoja akasimama nyuma yetu akipunga upepo, nzi wawepo au wasiwepo. Mdogo wangu alikuwa ameshapotelea jikoni, nikajua anasaidia. Mzee akasema karibuni tule pamoja. Mama akasema kuleni, kuleni. Tukala kidogo, tukawakaribisha tena. Kuleni, kuleni. Basi tukaelewa, au tulidhani tumeelewa: watu hawa ni kama sisi, wanatupima.

Na mimi kwa kupimwa kwa chakula sijawahi kushindwa. Nilimaliza sahani, ikajazwa. Nikaimaliza, ikajazwa. Mzee alilegeza mshipi chini ya shuka, akidhani hatuoni. Shangazi alikuwa anakula macho amefumba, midomo ikicheza, sijui anatafuna au anaomba. Kila sinia lililosogezwa mbele yetu tulilikabili. Tulipofika kwenye tambi nilihisi jasho mgongoni, lakini nilimkumbuka mama yangu na macho yake ya ukaguzi, nikaendelea. Baada ya saa nzima masinia yalikuwa meupe. Mzee alipangusa tui la mwisho kwa kipande cha nduma, akalitazama bakuli kama mtu aliyemaliza kupaka rangi nyumba.

Mama akatikisa kichwa, polepole. Nikageuka kumtafuta mdogo wangu, nikaona watoto wamesimama kwenye mlango wa jikoni. Hawakuwa wanatutazama sisi, walikuwa wanayatazama masinia. Mdogo wao alisema jambo kwa sauti nyembamba, na bibi yake akamjibu kwa neno moja kali, wakapotea wote. Mimi nilidhani mtoto ametusifu.

Tukaaga, mdogo wangu akawasha gari. Roboti ya kwanza ikawa nyekundu, hakuna somo. Roboti ya pili akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Eish, dada. Mmekula chakula chao."

"Si ndicho tulichopewa?"

"Chote, dada. Kwao mgeni anakula kwanza, anaonja hiki na kile, anabakisha. Akimaliza ndiyo nyumba inakula. Kile kilikuwa cha watu kumi na moja."

Kiti cha nyuma, shangazi akafunika uso kwa mkoba. Mzee aliyekuwa anasinzia akazinduka kabisa.

"Sasa watoto wamekula nini?" nikauliza.

"Mkate na chai."

Nilitaka gari lipasuke litumeze. Na mimi nikiaibika huwa sinyamazi, hugeuka mkali. Nikamuuliza imekuwaje atufundishe mambo ya magoti na nyayo, la maana asiliseme. Mwaka mzima anaingia nyumba ile.

"Sikuwahi kuona mgeni akimaliza," akasema. "Sikujua hata kama inawezekana."

"Na wewe ukienda, hukai pale mbele? Hawakuambii kula, kula?"

"Mimi sijawahi kula sebuleni, dada. Mimi hula jikoni, wageni wakishamaliza."

Hapo ndipo nilipoiona kasoro yangu. Niliidaka kama mtu aliyekuwa akisubiri teksi muda mrefu. Nikamwambia: mimi nimekulea, nyumbani kwangu sahani yako ilipakuliwa kabla ya yangu, nilikula ukoko ili wewe ule nyama, leo una digrii, una kazi, halafu watu wanakukalisha jikoni wanakulisha makombo ya wageni? Hata hawajakuoa. Wakikufikisha huko kwenye vile vidoa, si watakufunga kamba?

Tuliwashusha wazee wetu wa kuunda, tukarudi nyumbani, na kwa siku nne hatukusemezana ila kuhusu ufunguo na takataka.

Siku ya tano nilikwenda Rosettenville kufumuliwa na kusukwa nywele. Shangazi naye hakuwa amelala vizuri wiki hiyo, ila kwa sababu zake.

"Yaya, sasa batasema Bakongomani ni batu ya tumbo," akaniambia, kwani kwao yaya ni dada, akivuta nywele kuliko inavyohitajika. "Lakini banatuongezea kila saa. Tungekatala namna gani?"

Nikaileta tena habari ya jikoni, nikitaka aniunge mkono. Akasuka mistari miwili. Kisha akaniuliza kama mtoto mwenyewe amelalamika. Nikasema hapana. Akaniambia niinamishe kichwa.

Jioni ile mdogo wangu alisimama kwenye mlango wa chumba changu. Mama wa kijana alikuwa anaondoka Jumatano, na Jumapili alitaka tuje tena, sisi wale wale. Ana neno la kusema kabla hajaondoka.

"Kama ni hapana," akasema, "usimjibu vibaya, dada. Niachie niumie mwenyewe."

Nikamwambia sitamjibu vibaya. Alipoondoka nilikaa kitandani nikajichunguza, na sikupenda nilichokiona. Nusu yangu ilikuwa inaomba yule mama aseme hapana. Nusu yangu ilitaka mtoto niliyemlea avunjike moyo, ili abaki. Niliona haya kuliko haya ya masinia.

Basi Jumapili niliamka alfajiri, nikapika. Nilipika kuku wawili kwa mtindo wa kwetu, polepole, wa mchuzi mzito, na chapati arobaini. Nilijiambia ni fidia kwa wale watoto. Sikutia kitu mdomoni, kwa wasiwasi. Mzee tulipomchukua aliapa kwamba leo atakula kama ndege. Shangazi alikuwa amevaa gauni pana, la kukaa nalo chini.

Mama alizipokea sufuria zangu kwa mikono miwili, akaziinua moja moja mpaka karibu na paji la uso wake, kama mtu anayepokea kitu kikubwa. Kuku wa Bungoma hajawahi kupewa heshima ile. Tukaketishwa pale pale, kwenye mkeka mzuri kuliko yote, tukafunikwa miguu. Masinia yakaja, na kuku wangu yumo pamoja na nguruwe wao. Binti wa kupunga upepo akachukua nafasi yake. Nilitazama upande wangu wa kulia, ambapo nilimwachia mdogo wangu nafasi. Hakuwepo.

Safari hii nilikuwa nimekaa mahali ninapoona jikoni. Alikuwa chini sakafuni, kitambaa kimefungwa kiunoni kama wao, yule mtoto mchanga begani kwake. Watoto wakubwa walikuwa wamemwegemea huku na huku. Dada wa kijana alimwambia jambo, akacheka, na akajibu. Alijibu kwa lugha yao, neno moja au mawili, na watoto wakamcheka kwa jinsi alivyolitamka, akalirudia. Walikuwa na njaa wote, walikuwa wanatusubiri sisi tumalize, na walikuwa wanafurahi.

Mdogo wangu akaja na bakuli la kunawa mikono. Alipita mbele yetu ameinama, akasema "tulou", akapiga goti mbele yangu bila kuniangalia usoni, akanimiminia maji. Mikono ile niliifundisha mimi kushika kijiko.

Mama akakohoa, kijana akakaa karibu yake kufasiri.

"Wiki ile mlikula vizuri sana," akasema. Na yule mama mtulivu akaanza kucheka, tumbo lote likitikisika, mpaka akashika kitana chake kisidondoke. "Tangu nizaliwe sijaona sinia tupu mbele ya mgeni. Nimewapigia simu dada zangu nyumbani, hawaamini. Mwanangu ameniambia kwamba kwenu kumaliza ndiyo heshima. Basi hakuna aliyewahi kuniheshimu namna ile."

Tukacheka sote, mzee kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyepangusa bakuli. Kisha mama akatulia.

"Mtoto wenu alipokuja mara ya kwanza tulimtandikia mkeka hapo mlipo. Hakukaa. Aliwasikia watoto jikoni, akaenda huko. Tulimwita arudi, akasema anaona raha huku. Tangu siku hiyo hatujaweza kumfanya mgeni. Kwa hiyo mimi sina la kuamua, nimelikuta limekwisha. Nimewaita ili niombe. Anayeombwa ni wewe, uliyemlea. Ukisema hapana, nitarudi nyumbani na hapana yako, na nitaiheshimu."

Alikuwa ananiangalia mimi. Mzee akafungua mdomo, shangazi akamfinya chini ya shuka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka bora, napigwa upepo, nimepakuliwa kwanza, na mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa mlango pamoja na wenye nyumba. Nimekaa wiki nzima nikimwonea huruma, kumbe mgeni nilikuwa mimi.

"Ni wenu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Ni wenu. Mumlete awe ananisalimia."

Mama akainamisha kichwa mpaka chini kabisa, na mzee akapata hotuba yake. Akiwa yuko Mlima Elgon, niliitazama sahani yangu. Nilikuwa nimekula nduma moja na majani kidogo. Paja la kuku lilikuwa pale limezama kwenye mchuzi wake, na kando yake kipande cha nguruwe chenye ngozi iliyokauka vizuri. Mkono wangu ulikuwa unalifuata lile paja wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote niliyoishi. Nikaurudisha, nikaulaza kwenye shuka.

Mama akaniuliza kama nimeshiba. Zaidi ya ile nduma sikuwa nimekula kitu tangu alfajiri, na njaa ilikuwa inaniuma kabisa.

"Nimeshiba," nikamwambia.

Mdogo wangu akaja ameinama, akaichukua sahani. Aliona kilichobaki, akasimama kidogo, kisha akaenda nacho jikoni.